Ndoo ya Mama

Leo nimepaka oili chafu nguzo za banda ili mchwa wasizile, na harufu yake imenirudisha uani kwetu, Newala.

Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kuja, na baba akauza zake, akapata kigari chekundu cha spoti, kuukuu, cha milango miwili. Kilikuwa chini mno, kwa hiyo siku ya kubadilisha oili alichimba shimo mchangani, akalala humo chini ya injini. Nati ilipofunguka akapiga kelele, "Lete chombo, mwanangu, haraka!" Nikakimbilia ndoo ya mama ya maji ya kunywa.

Mama alipopanda kutoka bondeni na dumu kichwani, aliikuta ndoo imejaa weusi.

"Nani kachukua ndoo yangu?"



"Mimi," baba akajibu kutoka shimoni.

"Basi, baba watoto, mimi nimechoka. Kesho bondeni utakwenda wewe."

Akaenda, kwa miguu, maana kigari kisingepita njia ya bondeni. Alirudi jua likiwa kali, dumu begani, shati limelowa, hoi kabisa. Wanawake waliopanda naye walikuwa wakimtania, "Shemeji, gari umeliacha wapi?" Alilitua dumu mbele ya mama, akanitazama, akanikonyeza.