Washenga wa Mama Mkwe

Binamu yangu ni fundi wa programu katika ofisi ya maji, na woga wake haukuanza leo. Ndani ya mfumo wao kulikuwa na programu kongwe ya kupiga hesabu za maji, iliyoandikwa na mama mmoja aliyestaafu zamani. Mafundi waliiita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwenye haja nayo alituma mshenga, yaani kijiprogramu cha kupeleka swali kwa adabu na kurudi na jibu.

Akaja bosi mpya, hakumwamini mshenga wa watu, akaweka wake mbele ya yule. Aliyefuata naye vivyo hivyo. Na kila mshenga alipachikwa kijikazi: huyu akumbuke bei mpya, yule ajue mita zilizobadilishwa, mwingine atafsiri tu maneno ya mwenzake. Binamu alijisifu kwamba mfumo unakua. Nikamwambia hata jipu hukua.

Mambo ya moyo nayo aliyaendesha hivyohivyo. Alimpenda dada wa mapokezi, ghorofa moja tu juu ya meza yake, akamtuma mjomba akamposee. Mjomba akaona haya, akamtuma rafiki yake, na rafiki akamtuma mkewe. Mwaka ukapita bila jibu. Binamu akakonda, akaanza kusema afadhali ahame mji. Iliniuma, maana nampenda, mjinga yule.

Asubuhi moja mfumo ukasimama, kila mshenga anamngoja mwenzake. Bosi akamwamuru binamu aingie kwa Mama Mkwe mwenyewe. Nasikia alipiga hodi mezani kabla ya kufungua.

Ndani hamkuwa na mtu. Programu ilishazimwa miaka mingi iliyopita, na mshenga wa kwanza alikuwa akirudi na "ndiyo" aliyoitunga mwenyewe. Hesabu zote za mji zilifanywa na washenga huko barazani, kila mmoja na kijikazi chake, huku wakimheshimu aliyekwisha kuondoka. Bosi aliposikia, aliagiza mlango ufungwe tena taratibu.

Binamu hakuufunga. Alipanda ngazi, akamwuliza dada wa mapokezi ana kwa ana kama atakubali kuolewa naye.

"Si nilishamjibu yule mama mliyemtuma, mwaka jana?" dada akasema. "Nilisema ndiyo. Kwani haijafika?"

Ilikuwa bado kwa rafiki wa mjomba, aliyekuwa akitafuta namna ya adabu ya kumweleza mjomba.