Saluni ya Odeta na Wimbo Usioisha

"Anti, na wewe mwenyewe huu wimbo unauonaje?"

Nilimuuliza Odeta swali hilo nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka saluni kwake, Mkolani, kichwa kikiwa katikati ya magoti yake, ananisuka mtindo wa twende kilioni kabla shule hazijafunguliwa. Alinigeuza shingo, akasema, "Tulia bwana, njia itapinda."

Nikatulia. Ila swali halikuniondoka, kwa hiyo ngoja nieleze lilikotoka.

Kabla ya kufungua saluni, Odeta alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya wajenzi wa daraja, upande wa Kigongo. Huko alipata rafiki, mkalimani wa Kichina aitwaye Lin, aliyeongea Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Lin alitaka kusukwa kama wanawake wengine wa jikoni. Odeta akamsuka asubuhi. Kufika mchana nywele zote zimefumuka.

"Zinateleza kama kambale," Odeta alipenda kusimulia. "Lakini kila Jumapili anarudi. Tunasuka, zinafumuka, tunacheka."

Lin alikuwa na kaka yake kwao China, mpiga ala kwenye bendi ya roki. Siyo ile roki ya kurukaruka. Wimbo wao mmoja ni mrefu ajabu: unakaa kusukwa ndiyo kwanza unaanza, njia nne zimeshakwisha wenyewe bado uko safarini, na umeshabadilisha mwendo hata hujui ulianzaje. Gitaa za umeme zinanguruma, halafu ghafla zinaingia ala za mababu zao. Kuna zumari kali. Kuna ala ndefu ya nyuzi nyingi inayolazwa mezani, mlio wake kama matone makubwa yanapoanza kupiga bati. Na kuna zeze la nyuzi mbili. Hilo zeze ndilo alilolipiga kaka yake Lin.

Kwao mambo hayakumwendea vizuri. Wazee walimwambia ameharibu ala za mababu. Vijana walimwambia anawaletea vitu vya makumbusho. Baba yake alikuwa ameshamwekea nafasi kwenye duka la vigae. Basi akamwomba dada yake: wasikilizishe watu ambao hawajawahi kusikia muziki huu, watu wasio na ugomvi na mimi, uniletee wanavyosema. Wakiukataa na hao, naliuza zeze.

Odeta alipofungua saluni Lin aliendelea kuja, na siku moja akamwekea wimbo huo kwenye flashi. "Wewe unakaa na watu kutwa nzima," alimwambia. "Niambie ukweli, dada."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Tangu lini msusi akasema ukweli? Mteja anaweza kutoka na mtindo uliomfanya uso kuwa kama sahani, Odeta anapiga makofi: "Umetokelezea, shosti!" Sijawahi kumsikia akimwambia mtu hajapendeza. Hata mimi.

Akaanza kuupiga wimbo ule kila siku. Hadiya, msusi mwenzake, uvumilivu ulimwisha mapema. "Wimbo gani huu hauna pa kuchezea? Ukiushika hapa, unakuponyoka kule!" Ngosha, dereva wa bodaboda, alijaribu kuucheza mlangoni ili awafurahishe wasichana, mwendo ukabadilika akiwa na mguu mmoja hewani, akaishia kwenye beseni la kuoshea nywele. "Wimbo wenyewe umenisukuma!" akalalamika, suruali imelowa. Kaka Iqbal wa duka la vipuri la jirani alikuja na malalamiko yake: "Odeta, wateja wananipa pole. Wanadhani nimefiwa."

Mimi nilikuwa naona raha tu. Zile nyuzi za matone ya mvua zilinifanya nitazame dirishani kila mara, kumbe nje jua linawaka.

Jumamosi moja saluni ilijaa. Rose, binti wa mtaa wetu, alikuwa na sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, jioni ile, na ndugu zake wote walikuwa wanasukwa. Bibi yao, Bibi Modesta, alikuwa amevuka kwa kivuko kutoka Busisi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani. Mimi nilikuwa mkekani kwa Odeta. Wimbo uko katikati, simu ya Odeta ikaita. Ilikuwa video. Upande mmoja wa kioo alikuwa Lin, kambini. Upande wa pili kijana mwembamba, na ukutani nyuma yake zeze limetundikwa.

Hadiya akazima muziki mbio.

"Dada Odeta," Lin akasema, "kaka anauliza. Watu wanasemaje?"

Niliona kitana kikizungukazunguka vidoleni mwa Odeta.

"Wanaupenda," akasema. "Sana. Wote."

Hadiya akakohoa. Rose akaguna, "Mh!" Lin akatafsiri polepole, na yule kijana hakutabasamu. Nadhani "mh" haihitaji mkalimani.

"Nipe hiyo simu," akasema Bibi Modesta.

"Shikamoo, bibi," Lin akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie huyo kijana hayo magitaa yananigonga kichwani, sitaki kumdanganya. Lakini humo ndani kuna mmoja analia. Analia vizuri, anajua anamlilia nani. Sasa mbona kila akitaka kumaliza mnamkatiza? Mwacheni amalize kilio chake!"

Lin akatafsiri. Kaka yake akajiziba mdomo kwa mkono, kisha akauliza kitu.

"Anauliza kama kweli bibi amelisikia zeze."

"Nimekosa meno, mjukuu wangu. Masikio ninayo."

Hapo hata kijana alicheka. Zeze hakuliuza; tulisikia baadaye kwamba amerudi mazoezini. Lakini Lin, kabla ya kukata simu, alimtazama Odeta, akamwambia "asante" moja fupi sana. Jumapili iliyofuata hakuja kusukwa. Wala iliyofuata.

Simu ilipokatwa, Odeta alirudi kwenye kichwa changu. Bibi alikuwa amesema lake, Hadiya lake, hata Ngosha na beseni lake alikuwa amesema. Alibaki yeye tu. Ndipo nikamuuliza, na yeye akaniambia nitulie.

Sasa niko kidato cha tatu. Daraja limekwisha, Lin amesharudi kwao. Likizo hii nilimkuta Odeta peke yake saluni, anakula mihogo ya kukaanga, nikamuuliza tena vilevile. Safari hii aliweka muhogo chini, akajifuta vidole.

"Nusu yake siipendi," alisema. "Yale magitaa mpaka leo natamani kuyazima. Lakini zeze likianza, mikono inasimama yenyewe, siwezi kusuka. Nilimwambia Lin hivyohivyo siku aliyokuja kuniaga, nikiwa namsuka. Akaanza kulia. Mimi nikadhani nimemkaza nywele."