Mbao za Nyumba Iliyoanguka Merikit

Usiniambie niliota. Mtu haoti saa kumi alasiri, jua linawaka, mswaki wenye sabuni mkononi. Haya yalinipata mimi, hapa Busia upande wa Uganda, nyuma ya chumba ninachopanga.

Mimi hupanda okidi, yale maua ya porini yanayoishi juu ya miti bila udongo. Nimejifundisha mwenyewe kwa simu. Nayafunga kwenye vipande vya mbao, naning'iniza ukutani, mizizi inashika yenyewe. Na nikiri: mimi ni mtu wa wasiwasi. Jani moja likiwa na doa, sipati usingizi. Kwa hiyo nilifurahi sana nilipookota mbao za kijivu kule Merikit, kwenye nyumba iliyoanguka zamani. Nzuri mno. Nani aliziacha zikalala pale?

Nikazikata vipande, nikafunga okidi juu yake. Baadaye wadudu wakatokea. Vigamba vya kahawia, vimejibandika chini ya majani kama vipele. Nikalinganisha na kila picha niliyoipata mtandaoni, hakuna iliyofanana. Vidukari sio. Kupe sio. Ukimbandua mmoja kwa ukucha anapasuka, anatoa usaha mwekundu wenye harufu ya moshi wa jikoni. Nikawasugua kwa mswaki, nikawapaka spiriti kwa pamba. Asubuhi wako palepale. Majani yananata, yanadondosha uteute kama mate ya mgonjwa. Na niamini, okidi zangu chache za kwenye vikapu, zisizo na mbao zile, hazikuguswa.

Siku hiyo nilikuwa nasugua okidi niliyoipenda kuliko zote, iliyokuwa imetoa tumba lake la kwanza.

"Unawasugua ya nini, mtoto wangu?"

Bibi mmoja, kitambaa kichwani, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda changu. Lango sikulisikia. Nikamwamkia, nikamwambia wadudu hawa wananimaliza.

"Si wako hao. Wamekuja na nyumba yao."

Akanyoosha mkono, akabandua mmoja, akamtia mdomoni. Sikiliza, sisi huku tunakula kumbikumbi, tena tunagombania. Kula mdudu si ajabu. Lakini yeye alimtafuna polepole, wekundu ukamchuruzika kidevuni, akaulamba. Alipoinama kitambaa kikateleza. Shingoni, nyuma ya masikio, mpaka ndani ya nywele: vigamba, vimebanana, vinapanda na kushuka kama vinavuta pumzi.

"Mlango wangu utarudisha lini?" akauliza, akipapasa ile mbao.

Nikatapika ndani ya ndoo ya sabuni. Nilipoinua kichwa hakukuwa na mtu. Kigoda kilinata, sisimizi wameshakijaa.

Jirani yangu, Mama Nekesa, alinikuta bado nimeinamia ndoo. Nikamweleza yote. Akazitazama mbao.

"We kijana, hii umetoa wapi?"

"Merikit. Nyumba ilikuwa imeanguka."

"Ya marehemu?" Akarudi nyuma. "Unasoma simu mpaka macho yanatoka, na hujui nyumba ya marehemu inaachwa ioze yenyewe? Hata kuni hatuchukui huko! Rudisha. Na maua yake, usibandue."

Na maua yake! Unaelewa maana yake kwa mtu kama mimi? Karibu kazi yangu yote ilikuwa imeshika kwenye zile mbao.

Kesho yake nilizirudisha, okidi zikiwa juu yake. Zote, isipokuwa ile yenye tumba. Hiyo niliibandua kwa wembe, mzizi kwa mzizi, nikaifunga kwenye kipande cha mti mbichi. Nilikuwa mwangalifu. Kibanzi kimoja tu cha kijivu kiligoma kutoka mzizini.

Juzi nilipita Merikit. Okidi nilizoziacha zimechanua juu ya kifusi kile, majani yanang'aa. Hata yangu imechanua, safi, haina mdudu.

Wamehamia kwangu. Kila asubuhi nakunja sikio mbele ya kioo, nabandua kimoja au viwili kwa ukucha, nasugua kwa mswaki mpaka ngozi inachubuka. Chumba kizima kinanuka moshi wa jikoni, na mimi sina jiko.

Kwa hiyo ukiona mbao nzuri imelala chini na wenyeji wanaipita tu, waulize kwanza kwa nini wanaipita. Na tukikutana tukapeana mikono, ukahisi wangu unanata, nisamehe. Nilinawa kabla sijatoka.