Somo Nililolifundisha Kombo

Nilianza ualimu nikiwa na kiburi kingi na Kiingereza kidogo. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza masharti ya biashara, maduka mapya yakifunguliwa Makambako kila uchao, na wazazi wa kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, walikuwa wameanza kuulizia Kiingereza kama walivyokuwa wakiulizia mbolea. Mimi, binti niliyetoka chuoni juzi, nikapewa Darasa la Saba.

Nikawafundisha vivumishi na vielezi. Kwa kuwa mwenyewe sikuielewa tofauti kati ya hivyo viwili, niliwaambia kwamba ule mkia wa "ly" ni pambo la heshima tu, na mtu aliyesoma huubandika popote apendapo. Watoto wakaubandika. Mama zao wote wakawa "beautifully" badala ya "beautiful", na mimi nikawapa vema moja baada ya nyingine kwa wino mwekundu.

Mwaka wangu wa pili nikaugua homa, na mwalimu mmoja mkongwe akanisaidia kusahihisha madaftari. Nilipopona aliniita jikoni kwake, tukawa tunapukuchua mahindi. Akaniuliza kama kwa Kiswahili naweza kusema mtoto mzuri anaimba mzuri. Nikacheka, nikasema anaimba vizuri. Akasema Kiingereza nacho hutenganisha hivyohivyo, neno la kumsifu mtu si neno la kusifu anachokitenda. Kicheko kikanikauka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu Mkuu sijamwambia, wala sitamwambia," akasema. "Lakini watoto waambie mwenyewe. Mtihani umekaribia."

Ningeweza kulifundisha upya kama somo jipya, nikanyamaza, heshima yangu ikabaki. Nililiwaza hilo siku mbili nzima, sifichi. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa nikasema nimewafundisha makosa, fungueni madaftari tufute. Nilitegemea wanicheke. Wakafuta tu. Kisha msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, dada yangu ulimfundisha mwaka jana. Na yeye nimwambie?"

Dada yake hakuchaguliwa kwenda sekondari, na sasa alikuwa akiuza vitenge Makambako, katika duka la mzee mmoja wa Kiislamu mwenye malori. Sikuthubutu kujiuliza ni maswali mangapi aliyakosa kwa sababu yangu. Nikasema amwambie.

Jumamosi yake dada mtu akafika shuleni. Tajiri wake, yule mzee, alikuwa amempa ruhusa, akampakia kwenye lori lililokuwa likifuata viazi kijijini kwetu. Alibeba daftari lake la mwaka jana, bado lina jalada la gazeti. Tulikaa darasani sisi wawili hadi mchana, tukipitia ukurasa kwa ukurasa, mimi nikikata vema zangu mwenyewe. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Nilijiandaa kwa lawama, na lawama ingekuwa haki yake.

Tulipomaliza alilifunga daftari, akaliweka mapajani.

"Nilikuwa nafuata ulivyotufundisha, mwalimu, na nilipokosa sekondari nikasema ni kichwa changu kibovu," akasema. "Ahsante kwa kuniambia."

Mimi ndiye niliyepaswa kushukuru.