Mafuta ya samaki kwa tumbo la mke wangu, katika boma la ng'ombe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine marahaba.

Nimesoma humu mkibishana kuhusu supplement za omega-3 kwa akina dada wenye endometriosis. Nikacheka peke yangu. Sisi tulizijaribu huku Kaisho miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Sitii chumvi, mhusika mwenyewe yupo hapa ananichungulia.

Mimi nilifika sekondari, lakini sikuwa mtu wa kwenda mbali. Nilisoma huku nawaza matoke ya Mama, nikarudi.

Nikamuoa Koku. Kila mwezi tumbo la chini lilimkunja kama mkeka. Jina la ugonjwa tulilijua uzeeni, binti yetu alipopimwa. Wakati ule jina lilikuwa uvivu. Mama alishasema, Koku akishindwa tena kutikisa kibuyu cha maziwa mpaka siagi itoke, anarudishwa kwao.

Nikajikokota hadi Murongo mnadani. Mchuuzi mmoja wa Bukoba akaniuzia chupa ya mafuta ya samaki. "Kijiko kila asubuhi, shemeji atacheza ngoma."

Sasa ninyi wa leo hamtaelewa. Kwetu wafugaji, aliyeonja samaki hagusi maziwa wala chombo chake. Ng'ombe watakauka! Nami msomi nikaificha chupa chini ya kitanda, nikadhani pua ya Mama inalala.

Siku ya pili tu Mama akamaka kwa kilugha: "Mawe! Nani kala samaki humu?"

Nikajitosa. "Mimi, Mama."

"Wewe? Wewe uliyemkimbia dagaa? Hebu kunywa nione."

Wakuu, nilikunywa. Kijiko kilishuka, kikafikiri, kikapanda. Mkeka mpya wa Mama ukaharibika.

Koku alikuwa amejikunja pembeni, akacheka huku machozi yanamtoka. Akasema, "Mama, mwache. Ni yangu. Ya tumbo."

Nikajua ndoa imekwisha.

Mama akamkazia macho. "Linauma wapi?"

Koku akaonyesha. Mama akapeleka mkono pale pale, lakini kwenye tumbo lake mwenyewe.

"Na kiuno?"

"Na kiuno, Mama. Mpaka mapajani."

"Hmm. Lala."

Basi. Hakuna aliyerudishwa kwao. Ila sote wawili tulikuwa tumeonja samaki, kwa hiyo kibuyu kikabaki kwa Mama. Alikitikisa kila asubuhi akitutangazia hadi kwa jirani: "Nimezaa mmoja, nimeletewa mmoja, wote samaki!" Mimi na Koku tunakula maharage makavu, maziwa tunayasikia kwa harufu.

Je, mafuta yalisaidia? Kusema kweli, miezi mingine aliona nafuu, mingine wapi. Mimi naamini kilichomsaidia zaidi ni kuruhusiwa kulala siku zile bila kuitwa mvivu.

Nilichojifunza: dada, supplement ni msaidizi tu. Nenda hospitali upimwe, na umuulize daktari kabla ya kumeza chochote. Na wewe mwanaume, akisema linauma, linauma. Usingoje mpaka mama yako ajishike tumbo ndipo uamini.

Uwanja ni wenu, hasa akina mama wakwe. Koku anasema atasoma kila comment, na matusi yote yaelekezwe kwangu.