Bibi Aliyeuliza Damu Inakwenda Wapi

Siku ile ingali machoni mwangu, mwanangu, siku niliyozimia ndani ya pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto, mimi na mama tukienda Lubunga. Nilikuwa msichana wa chuo, sijaolewa. Kila mwezi damu ilipokaribia, tumbo lilinishika hata nikashindwa kukaa darasani. Tena maumivu hayakungoja hedhi. Yalinifuata hadi chooni. Mama alinikanda kwa maji ya moto akisema, "Vumilia. Ukizaa itaisha." Simlaumu. Ndivyo naye alivyoambiwa.

Ng'ambo tulimkuta bibi yangu mzaa mama, Koko Feza. Nilidhani naye atanihimiza kuvumilia. Kumbe alinikalisha mkekani akaanza kuuliza.

"Inauma fasi gani? Inaanza mbele ya damu ao kisha? Na mugongo?"

Nikaona haya, nikainama. Akanikemea taratibu: "Mujukuu, mficha uchi hazai. Mimi niko nauliza juu sijui. Twende kwa munganga, naye tumuulize."

Tukaenda, sisi watatu. Daktari, mama mmoja mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, akanipima tumbo kwa ekografi, mashine inayoonyesha ndani ya mwili, kisha akasema maumivu yale yana jina: endometriozi. Utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Kila mwezi nao huvuja damu, na damu hiyo haina mlango.

"Ekografi inaweza kosa kuiona," alisema, "lakini namna unanielezea, nafikiri ni yenyewe."

Akaniandikia vidonge vya homoni, nimeze kila siku bila kupumzika, ili hedhi isimame na utando ule utulie.

Mama akashtuka. "Docteur, hizi si dawa za planning, za kuzuia mimba? Mutoto hajaolewa. Hazitamufunga kizazi?"

"Hapana, mama. Akiziacha, damu yake inarudia. Lakini hazing'oe ugonjwa. Zinaulaza tu."

Koko akasogeza kiti. "Bon. Na ile damu yenye haitoke, inaenda wapi?"

Hata mimi nilitaka sana kulijua hilo. Daktari akatabasamu. "Haiendi fasi, Koko. Dawa inakataza utando kunenepa, donc hakuna kitu cha kutoka."

Miezi ya mwanzo haikuwa rahisi. Nilitokwa na matone matone, moyo ukawa mzito, nikilia bila kujua nalilia nini. Nilitaka kuviacha vidonge. "Rudia kwa munganga, umuambie," Koko alisema, basi. Nikarudi, nikabadilishiwa dawa. Polepole maumivu yakalegea. Hayakuisha yote, ila mwaka ule nilifanya mitihani yangu nimeketi kama wenzangu. Nilipoolewa niliviacha, maumivu yakarudi, na baada ya kungoja sana nikajaliwa mtoto mmoja. Wapo wenzangu wa ugonjwa huu ambao hawakujaliwa, na kosa si lao.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Maumivu yanayokutoa darasani au sokoni si ada ya kuwa mwanamke. Yataje, useme yanauma wapi na yanaanza lini. Usimeze vidonge vya jirani, maana mwili wake si wako. Na dawa uliyopewa ikikusumbua, usiitupe kimya, rudi ukaseme. Uliza mpaka uelewe, hata swali likionekana la kitoto.

Mungu akupe kinywa kisichoona haya, akupe na mtu wa kuketi kando yako unapouliza. Amina.