Antena Iliyosingiziwa Kuinama

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikuta nimekibana kwapani cheti cha masomo ya jioni kama mkate. "Hicho karudishe nyumbani," akasema. "Hapa tunashika spana." Kituo kilikuwa upande wa Mangapwani, juu ya jiwe la matumbawe. Antena ililazwa chini kama chanja, ina waya za kuizunguka Unguja mara mbili na zikabaki za kuanikia nguo.

Rada yetu haikutafuta ndege. Ilirusha mawimbi ya redio juu wima, yakagonga matabaka ya hewa, yakarudi dhaifu kuliko mnong'ono wa mgonjwa. Huo ndio mwangwi, na kwa huo tulipima upepo wa juu.

Bi Zuhura, fundi aliyeisawazisha antena kwa pima maji, alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Asubuhi moja mwangwi ukaja na nguvu zaidi kutoka mashariki kuliko juu wima. Mkuu akakata shauri: antena imeinama, na Bi Zuhura hatathibitishwa.

"Umeilaza kama kitanda chenye mguu mfupi."

"Nshapima mara tatu, Mkuu. Kitanda hiki hakina mguu mfupi. Tusiiguse mpaka adhuhuri, tuitazame tu."

Mkuu, ambaye angekaza hata bolti ya mlango wa jirani, alikubali huku amenuna. Tukakaa mbele ya skrini. Mwangwi ukatoka mashariki, ukaja kati, ukahamia magharibi, ukarudi tena.

"Jiwe halichezi," Mkuu akasema hatimaye. "Kinachoinama ni hewa."

Akatueleza. Hewa ya juu nayo hupata mawimbi, kama bahari. Yakipita, tabaka huinama mfano wa kioo cha kinyozi kilichoshikwa upande, na mwangwi hurudi kutoka pembeni. Asiyejua huusoma upepo wa pembeni akadhani hewa inapanda.

"Na ripoti yangu ya majaribio?" Bi Zuhura akauliza.

"Nnakwenda kuiandika. Umethibitishwa."

Nimestaafu sasa, na kompyuta za vijana huyachuja mawimbi hayo kabla chai haijapoa. Ninachokikumbuka zaidi ni fundi aliyemtangulia Bi Zuhura, ambaye aliachishwa kazi kwa antena kudhaniwa imeinama vivyo hivyo. Mkuu alimfuata mpaka Kendwa kumwomba radhi, akamkuta ndiye msimamizi wa mitambo ya hoteli nzima.

"Radhi nshakupa," fundi akamjibu. "Lakini kurudi, sirudi."

Mkuu alitusimulia mwenyewe. Toka hapo, mwangwi ukienda kombo, alikuwa akivuta kiti mbele ya skrini kwanza.